Masizi ya kibatari kwenye kitako cha gumegume

Wakuu, kwa wanaochonga kitako (ule mwili wa mbao unaobeba mtutu) cha bunduki ya gumegume, zile za kizamani zinazowasha baruti kwa cheche za jiwe, hasa ndefu za Pennsylvania, Marekani, za miaka ya 1700, acheni kukisia mtutu unagusa wapi. Washa kibatari, pitisha chuma juu ya moshi mpaka kipate masizi mepesi, kikandamize moja kwa moja chini kwenye mbao usikiburuze, kitoe, halafu kwangua kwa patasi kali pale penye weusi tu, rudia hata mara 50 ikibidi. Masizi yanabaki pale mbao inapogusa chuma, kwahiyo hukati kitu ambacho hakikutakiwa kukatwa. Sehemu ya kuwa nayo makini kuliko zote ni nyuma ya mtutu, hapo ndo msukumo wa baruti unapigia, pakiwa na upenyo nguvu yote inaishia sehemu ndogo na kitako kinapasuka kwenye shingo, pale kinapokuwa chembamba. Njia hii inagoma masizi yakiwa mazito maana yanapaka kila mahali, na kwenye mbao nyeusi kama wolinati (walnut) huoni vizuri, hapo tumia lipustiki nyekundu, paka kidogo sana. Kwenye mbao ya mepo (maple) ambayo ni nyeupe masizi yanaonekana safi kabisa.