Kufunga nyumba ya mwalimu kijijini kabla ya likizo

Kufuli zuri humzuia mwizi tu. Mchwa, panya, unyevu na betri iliyosahaulika havihitaji ufunguo, na kwenye shule iliyo mbali na barabara, wiki 4 za nyumba tupu zinavitosha. Anza kujiandaa siku 7 kabla ya kufunga shule, si asubuhi ya safari huku gari likipiga honi.

Maliza kwanza kusahihisha. Orodha ya alama iwe na nakala 2, moja kwa mwalimu mkuu na nyingine kwenye begi lako. Karatasi za mitihani usiziache ndani ya boksi sakafuni, maana hapo ndipo mchwa huanzia.

Mchwa hutoka ardhini na kupanda ndani ya vijia vya udongo, kwa kuwa mwili wao laini hukauka upesi hewani. Kwa hiyo wakatie njia. Sogeza meza ya vitabu sentimita 10 kutoka ukutani, kisha kila mguu uusimamishe ndani ya kopo lenye oili chafu ya kina cha sentimita 3. Maji nayo huwazuia, ila yatakauka kabla hujarudi. Kinachowaponza wengi ni pazia au kamba ya begi iliyogusa ukuta na meza kwa pamoja: makopo yote 4 yamejaa oili, na mchwa wamepita juu. Vitabu vya sanduku la bati vifungie mchana wa jua. Ukivifunga asubuhi yenye umande umefungia unyevu humo humo, na utakaporudi kurasa zitakuwa na ukungu.

Betri ya sola ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Betri ya maji ya volti 12 hupoteza chaji hata isipotumika, na joto huongeza kasi hiyo. Ikikaa wiki kadhaa bila chaji, salfeti (chumvichumvi ya risasi) hugandamana kwenye bamba zake na haitarudi kama zamani. Siku 3 kabla ya safari punguza matumizi ili ijae. Ikishajaa, ongeza maji ya betri (si ya kisima) hadi yafunike bamba kwa takriban sentimita 1. Iache itulie saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, ndipo upime: volti 12.6 au 12.7 imejaa, chini ya 12.4 bado.

Paneli ikibaki juu ya bati, acha betri na kidhibiti chaji (kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kuingia kwenye betri) vikiwa vimeunganishwa, ukate taa na vifaa vingine vyote. Kama unaishusha, chomoa nyaya za paneli kwanza, za betri baadaye. Kidhibiti kinachopokea umeme wa paneli bila betri kinaweza kuungua. Ukirudi, geuza mpangilio: betri kwanza, paneli mwisho.

Panya mdogo hupita kwenye tundu lenye upana wa kalamu ya risasi. Sindilia waya wa kusugulia sufuria, kisha ziba kwa saruji. Udongo mtupu wataufukua. Godoro likunje na kulining'iniza kwa waya mwembamba kutoka kwenye boriti.

Nafaka ya kuhifadhi ipime unyevu kwa chumvi. Jaza nafaka kwenye chupa kavu ya kioo hadi theluthi, ongeza vijiko 2 vya chumvi kavu, tikisa vizuri, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, nafaka bado ina unyevu; irudishe juani.

Ndoo zigeuze, na tangi lifunikwe kwa wavu: mbu hutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 14 tu. Bomba linaloleta maji kutoka kwenye bati litenganishe na tangi, mvua ya kwanza isikuletee kinyesi cha ndege.

Ufunguo mwachie jirani mmoja, si watatu. Mwombe aje mara moja kwa wiki: afute vumbi la paneli, afungue madirisha saa moja, avunje kijia chochote cha udongo akionacho ukutani.

Siku ya kurudi, fungua milango yote kwanza. Godoro likunjulie uani kwa fimbo ndefu, usilikunjulie kitandani, kwa sababu panya akilala mahali, nyoka humfuata.