Somo: Kumuaga mbwa mzee wa shamba

Huku kwetu Masasi, Newala na Tandahimba, mbwa wa shamba hafugwi kwa mapambo. Mihogo na karanga zikianza kukomaa, ndiye anayekesha nje kuwatimua nguruwe pori usiku na nyani mchana. Akizeeka, wengi wanamtelekeza: anapakiwa kwenye bodaboda na kutupwa porini, au anategewa sumu ya panya kwenye ugali. Huo ni ukatili. Sumu ile inaua polepole, tena kwa mateso. Mbwa aliyekulindia chakula ana haki ya kufa mikononi mwako, kwa sindano ya mtaalamu, bila mateso.

Hatua ya 1: Hakikisha ni uzee kweli. Kulegea si uzee kila mara. Kupe huleta homa inayompausha fizi na kummaliza nguvu, na inatibika. Jino bovu nalo humfanya asuse chakula. Mwite bwana mifugo ampime kwanza. Usimpe dawa zetu za maumivu: panadol, diclofenac na ibuprofen zinaweza kumuua.

Hatua ya 2: Soma siku zake. Je, anainuka mwenyewe kwenda kukojoa? Anakuja ukimwita? Akiwa usingizini hesabu pumzi zake: kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Zikizidi 30 kwa dakika kila unapohesabu, moyo au mapafu yana shida. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani, siku njema na siku mbaya. Siku mbaya zikizidi, usingoje aanze kulia usiku.

Hatua ya 3: Panga mapema na mtaalamu. Bwana mifugo wa kata huenda hana dawa ya kazi hii, ikabidi iagizwe mjini. Uliza bei, ikiwemo nauli yake. Chagua asubuhi au jioni, jua likiwa halijawa kali.

Hatua ya 4: Siku yenyewe. Mlaze pale alipozoea, mathalani kivulini chini ya mkorosho, juu ya gunia au kanga kuukuu. Kama bado anakula, mpe anachokipenda. Sindano ya kwanza ni ya usingizi. Mbwa wangu, jina lake Watasema, alipochomwa hiyo, kichwa chake kilizidi kuwa kizito juu ya paja langu, nami nikaendelea kumkuna nyuma ya lile sikio lililochanwa na nguruwe. Akishalala fofofo, ndipo dawa ya pili inaingizwa kwenye mshipa wa mguu wa mbele. Inazima ubongo, kisha pumzi na moyo, kwa dakika chache.

Jueni haya msije mkashtuka: macho hubaki wazi, mkojo unaweza kutoka, na mwili unaweza kuvuta pumzi moja mbili hata baada ya moyo kusimama. Hayo si maumivu. Mtaalamu asikilize kifua na kuthibitisha kabla hujamfunika.

Usiondoke. Najua ni kazi ngumu, nami nililia mbele ya wajukuu, lakini harufu ya mwenyewe humtuliza mbwa.

Hatua ya 5: Kaburi. Chimba kabla mtaalamu hajafika, hasa kiangazi ardhi inapokuwa ngumu. Liwe mbali na kisima na mto, kina kisipungue mita moja, na juu upange mawe. Dawa ile hubaki mwilini muda mrefu. Fisi au mbwa wa jirani akifukua na kula, au tai akila mabaki, naye anaweza kufa. Mfunge kwa kanga au shuka, si kwa nailoni.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Shikamoo babu. Mimi Muislamu, niko Mikindani. Naruhusiwa kumshika siku hiyo?*
Marahaba mwanangu. Mbwa wa ulinzi na wa mawindo dini imemruhusu. Sisi wa madhehebu ya Shafii tunaosha mara saba, moja kwa udongo, pale palipoguswa na mate au umajimaji wake. Basi mshike, kisha ujitoharishe. Ukiwa na shaka, muulize sheikh wako.

*Mwanangu mdogo anauliza mbwa kaenda wapi. Nimwambie kasafiri?*
Hapana dada. Mwambie amekufa na hatarudi. Ukisema kasafiri, atakaa barazani kumngoja. Mruhusu aweke jiwe lake kaburini.

*Wa kwangu ni mzee, lakini tangu juzi anatoa udenda, amebadilika sauti na anauma hata miti. Nifuate hatua hizi?*
Usimguse kabisa, ndugu! Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa. Watoto wakae ndani, na piga simu kwa bwana mifugo sasa hivi. Aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali leo hii akachanjwe. Mbwa akiuawa, kichwa kisipondwe, maana ubongo ndio unaopimwa.

*Tuliwafuga wawili. Aliyebaki hali tangu mwenzake azikwe.*
Inatokea. Mlishe saa zilezile, mtembeze njia zilezile za shambani. Zikipita siku mbili hajatia kitu mdomoni, mpeleke akapimwe, kwani huenda anaumwa.