Jinsi ya kuandaa XL au DT nyumbani kwa mbio za duara la vumbi

Wakuu, vijana wengi hapa Dodoma wakishapata pikipiki ya mnada, Honda XL 125 au Yamaha DT 125, wanakimbilia injini, mara wabadili kabureta mara wakate ekzosi ipige kelele, na mimi nawaomba injini muiache kwanza. Flati traki mnazunguka duara la udongo, kona zote za kushoto, tairi la nyuma linateleza karibu muda wote, kwahiyo pikipiki ikiwa ndefu kwenda juu na tairi halishiki hata uweke moto wa namna gani utabaki unapigana nayo tu. Kenny Roberts wa Marekani alijifunzia kwenye udongo huo huo, akaja kuchukua ubingwa wa dunia wa 500cc mwaka 1978, 1979 na 1980, na kilichombeba ni kujua kuliongoza tairi la nyuma linapoteleza.

Anza kwa kuvua. Taa, indiketa, site mira, keria, stendi, yani chochote cha kioo na chochote kinachochomoza kinaweza kumchoma mwenzako mkianguka pamoja. Ukishavua hivyo hiyo sio pikipiki ya barabarani tena, usije ukaiendesha mpaka uwanjani, kodi kirikuu uipakie.

Sasa urefu. Pikipiki za aina hii zimetengenezwa ziruke mashimo kwahiyo ziko juu, na ukiwa juu halafu tairi la nyuma likateleza kisha likashika ghafla inakurusha upande wa nje, hiyo ndo ajali mbaya kuliko zote. Mbele legeza bolti za tii zote mbili, yani vile vishikio vya juu na chini vinavyobana mirija ya shokapu kwenye usukani, pandisha mirija ya shokapu itokeze juu kama milimita 20 hadi 25 halafu kaza. Kabla hujafurahi toa springi za mbele, shusha pikipiki mpaka mwisho kabisa uangalie kama tairi linagusa matigadi au tii ya chini, maana likigusa ukiwa spidi tairi linakwama na wewe unaenda mbele peke yako. Ukishusha mbele shusha na nyuma kwa kiasi kinachokaribiana, tafuta shokapu fupi, ukiacha nyuma juu usukani unakuwa mwepesi sana na kwenye sehemu iliyonyooka unaanza kutikisika.

Matairi ndo penye hela yako. Wenzetu wanatumia rimu za inchi 19 mbele na nyuma na tairi maalum, sisi XL au DT nyingi zina 21 mbele na 18 nyuma, na unaweza kuanza nazo hivyo hivyo. Ukipata nafasi mpe fundi wa spoki aweke rimu ya 19 au 18 kwenye habu ya mbele, yani kile kitovu cha gurudumu spoki zinapoanzia, mhesabu matundu kwanza, habu ya matundu 36 inataka rimu ya matundu 36. Tairi lenye meno marefu linafaa tope, ila udongo wetu huu mwekundu kuanzia mwezi wa sita unakuwa mgumu kama sakafu na juu yake kuna vumbi laini, meno marefu yanapinda na pikipiki inakuwa kama inaogelea. Chukua tairi la meno mafupi yaliyokaribiana, au chukua kisu kikali na maji ya sabuni uyapunguze ya zamani, kata kidogo kidogo, ukingo wa jino ubaki mkali kwasababu ndo unaong'ata. Upepo anza na psi 20 hivi halafu usikilize pikipiki. Usishushe sana, tairi litazunguka juu ya rimu na tyubu itachanika kwenye valvu.

Gia hapa wengi wanakosea. Hesabu meno ya sproketi ya nyuma gawanya kwa ya mbele. Mfano 45 kwa 15 inakupa 3.0, ukiweka 14 mbele inakuwa 3.2, ukirudisha 15 na kuweka 42 nyuma inakuwa 2.8. Yani jino moja la mbele ni karibu sawa na matatu ya nyuma, na la mbele ni rahisi zaidi kubadili. Unachotafuta ni gia moja itakayokuzungusha duara zima bila kugusa klachi, injini ifike karibu na mwisho wake pale unapomaliza sehemu iliyonyooka. Ikifika mwisho mapema na kuanza kulia bure punguza meno ya nyuma, ikitoka kwenye kona kwa uvivu yaongeze.

Breki ya mbele kwenye mbio hizi haitumiki, ukiigusa pikipiki ikiwa imelala kwenye kona usukani unafunga na uko chini. Breki ya nyuma iwe nzima kabisa, breki shuu mpya, pedali ikae mahali mguu wa kulia unaifikia bila kunyanyuka.

Vumbi sasa, na hapa naongea kwa uchungu. Yangu ilianza kutoa moshi baada ya wiki chache tu, nikafungua nikakuta ringi zimeisha, kumbe mpira unaounganisha chujio na kabureta ulikuwa na ufa mdogo kama ukucha. Tangu hapo kila nikirudi navua chujio, naingiza kidole kwenye ule mpira nafuta ndani halafu nakiangalia juani. Kidole kikitoka chekundu injini inakula udongo, hapo hairudi uwanjani mpaka nijue unapitia wapi. Chujio la sponji lioshe, likauke, lipake oili lipate mpaka katikati. Na kwa waliotoa pikipiki Dar, Dodoma iko mita kama 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwahiyo petroli inazidi, plagi ikiwa nyeusi ya masizi shusha jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, weka ndogo kwa hatua moja tu. Wenye DT muwe waangalifu hapo, injini ya kuchanganya oili na petroli ikikosa mafuta inakwama.

Kiatu cha chuma cha mguu wa kushoto, ule unaoushusha chini kwenye kona, atakutengenezea fundi wa kuchomelea yeyote mtaani. Mpelekee buti lako la kushoto, asikisie. Bati la milimita 3, likunjwe kufuata soli, vidole vipande juu kidogo, mkanda wa ngozi nyuma ya kisigino. Mguu unateleza nao chini mwepesi, hauubebeshi uzito. Goti lisinyooke.

Swichi ya kuzimia yenye kamba funga kwenye mkono wa kulia, ukianguka inachomoka na injini inazima, ijaribu kila asubuhi. Mkono wa mafuta nao, uzungushe mpaka mwisho uachie, lazima urudi wenyewe kwa kishindo, usukani ukiwa kushoto na ukiwa kulia. Bolti ya kumwagia oili ifunge kwa waya, isije ikamwaga oili mbele ya matairi ya wenzako.

Uwanja ombeni serikali ya mtaa au mwenye shamba baada ya mavuno, na maji ya boza kwasababu ni ghali myamwage kwenye kona tu.

Siku ya kwanza zunguka mara kumi taratibu peke yako, simama. Gonga spoki moja moja kwa spana, inayolia tofauti na wenzake imelegea. Shika cheni, shika nati za ekseli, shika bolti za tii, afu ndo uwaite wenzako.