Namna ya kumtazama ranibeki

Vijana ninaowafundisha mpira pale Mnazi Mmoja huniletea klipu za futiboli ya Marekani na kuniuliza, "Kochi, tumtazame nani?" Mtazameni ranibeki, mkimbiza mpira, yule anayesimama nyuma au ubavuni mwa kwotabeki, mchezaji anayeongoza shambulizi na kurusha pasi. Sheria moja yatosha kwa kuanzia: timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita 9 hivi.

Anzeni na Christian McCaffrey akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, msimu wa 2015. Msihesabu mbio peke yake. Alikimbia yadi 2,019, akapokea pasi za yadi 645, nyingine akazipata kwa kurudisha mipira ya mateke. Jumla yadi 3,864! Rekodi ya msimu mmoja ya futiboli ya vyuo, ya Barry Sanders ya mwaka 1988, ilikuwa 3,250. Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, akapewa Derrick Henry wa Alabama, na mimi mpaka leo sijakubali.

Kisha tafuteni Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo ya kila mwaka, ya Januari 1, 2016, dhidi ya Iowa. Shambulizi la kwanza tu la Stanford anapokea pasi na kwenda yadi 75 mpaka mwisho. Zimeni sauti, rudisheni nyuma, msiufuate mpira; mfuateni yeye tangu anapotoka nyuma mpaka anapoingia katikati penye nafasi. Hapo ndipo penye somo, hata kwa winga wetu.

Mkimaliza, tazameni msimu wake wa 2019 na Carolina Panthers, timu ya kulipwa: zaidi ya yadi 1,000 za kukimbia na zaidi ya 1,000 za kupokea.