Kusawazisha Bustani Iliyotelekezwa Mombasa Kabla ya Kupanda Nyasi

Bustani iliyoachwa kwa miaka michache hapa Mombasa huficha mambo matatu chini ya magugu yake, nayo ni mawe ya matumbawe, vifusi vya mafundi na ndago. Mwenye nyumba anayeagiza lori la udongo mwekundu na kuumwaga juu ya hayo yote hupata uwanja mzuri wa kupendeza mpaka mvua ya kwanza, kisha ndago huchomoza upya na vidimbwi hurudi palepale vilipokuwa.

Kazi hii ianzwe Januari au Februari, wakati wa kaskazi, ili ardhi iwe tayari masika yanapoingia mwishoni mwa Machi. Udongo uliolowa haufai kusawazishwa, kwa sababu hushindiliwa ukawa kama tofali, hasa upande wa Changamwe na Mikindani ambako kuna mfinyanzi.

Fyeka kwanza, ukiwa umevaa buti, kwa kuwa nyoka hupenda vichaka vya namna hiyo. Ng'oa visiki pamoja na mizizi yao. Kisiki cha mnazi kisizikwe hata kidogo, kwani kikioza ardhi hudidimia, na zaidi ya hayo chonga, yule mbawakavu mweusi anayetoboa minazi, huzaliana humo.

Ndago ndiyo inayohitaji subira kuliko kazi nyingine yoyote. Ukiikata kwa jembe unaisaidia, maana vijiazi vyake vilivyo chini ya ardhi hutengana na kila kimoja huchipua mmea wake. Nayo hutoboa hata karatasi ya plastiki iliyotandazwa juu yake. Njia ninayoiamini ni kumwagilia eneo maji, kuisubiri ichipue, kisha kuichimbua kwa jembe uma pamoja na vijiazi vyake na kuchekecha udongo kwa wavu wa waya. Rudia mara mbili au tatu. Usivitupe vijiazi hivyo kwenye shimo la mboji.

Sasa chota udongo wa juu, ule mweusi, uulundike pembeni kabla hujagusa kitu kingine. Kisiwani tabaka hilo ni jembamba mno juu ya mwamba wa matumbawe, na fundi asiyesimamiwa huliparuza na kulifukia pamoja na vifusi, hasara ambayo lori zima la udongo wa kununua halifidii.

Kwa kupima, pigilia vigingi kila baada ya mita 2 na utumie mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, uliojazwa maji bila mapovu ya hewa: maji ya ncha zake mbili husimama kimo kimoja, nawe utatia alama kwenye vigingi. Usitafute ubapa kamili. Uwanja uinamie mbali na ukuta wa nyumba kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, la sivyo mvua za Mei zitakuletea maji mlangoni. Chimba palipoinuka, ujaze palipobonyea kwa matabaka ya sentimita 10, ukinyunyizia maji na kushindilia kila tabaka. Mchanga wa ufuoni usitumike kujazia, kwa kuwa una chumvi.

Rudisha udongo mweusi, ufikie unene wa sentimita 15 ikiwezekana, kisha changanya samadi iliyooza vizuri, tabaka la sentimita 2 au 3. Mchanga wa Nyali na Bamburi, ambao haushiki maji, unahitaji zaidi. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu. Chokaa haina kazi palipo na mwamba wa matumbawe, kwani matumbawe yenyewe ni chokaa tupu.

Mwagilia, uache ardhi itulie kwa wiki mbili au tatu, ung'oe kinachochipua, ujaze palipodidimia na upitishe reki. Ardhi iko tayari ikiwa mtu mzima akikanyaga huacha alama isiyozidi sentimita 1 hivi. Kwa wengi nyasi za Pemba zitafaa, kwa kuwa huvumilia joto na kivuli cha miembe. Wanaomwagilia maji ya kisima yenye chumvi wachague paspalamu, aina ya nyasi inayovumilia chumvi. Vipandikizi vikatwe siku ileile ya kupanda, jioni, baada ya mvua ya kwanza ya kweli kuilowesha ardhi.