Kabla Hujaanza Kijapani, Weka Haya Sawa

Jua kwanza unakitakia nini. Anayetaka kuongoza watalii, anayewania skolashipu na anayetaka kwenda kufanya kazi Japani hawasomi kwa mpangilio mmoja. Ukishajua, tafuta daftari la hesabu lile la miraba, penseli na kifutio, na uongeze Kijapani kwenye kibodi ya simu. Vitabu usikimbilie kununua. Japan Foundation imeweka mtandaoni vitabu vya kuanzia pamoja na sauti zake, unapakua bure.

Halafu herufi. Hiragana zina alama 46 za msingi, katakana nazo 46. Ukifanya kumi kwa siku, na kila siku ukarudia za jana kabla ya kugusa mpya, kwa wiki mbili unazisoma zote, japo kwa kujikongoja. Katakana nne zitakutoa jasho: シ (shi), ン (n), ツ (tsu) na ソ (so). Usizikariri kwa sura, angalia mkono unaanzia wapi. Vistari vifupi vya シ na ン vimejipanga kushoto, na mstari mrefu unachorwa kutoka chini kwenda juu. Vya ツ na ソ vimejipanga juu, na mrefu unateremka. Wala usiziruke katakana ukidhani ni za ziada, maana jina lako mwenyewe litaandikwa kwa hizo. Kijapani hakitenganishi L na R, kwa hiyo Halima ni ハリマ, na Lulu ataitwa Ruru. Aitike tu.

Kosa linalowarudisha watu nyuma kuliko yote ni kuahirisha kana, yaani hizo hiragana na katakana, na kuanza na romaji, yaani Kijapani kilichoandikwa kwa herufi zetu hizi. Kwa Mswahili mtego huu ni mtamu mno. Irabu za Kijapani ni a, i, u, e, o, zinatamkwa karibu sawa na zetu, na silabi nyingi zinaishia na irabu. Mtu anasoma sakana, tamago, kuruma bila kukwama, mwalimu anamsifu, na baada ya miezi miwili ana maneno mia nne kichwani. Anajiona amefika. Kumbe mengi kati ya hayo ameyahifadhi vibaya.

Shida ni kwamba romaji za mabango, pasipoti na maneno ya nyimbo mara nyingi hazionyeshi urefu wa sauti. Tokyo kwa kana ni とうきょう, mapigo manne: to-u-kyo-u. Osaka ni おおさか, nayo manne: o-o-sa-ka. Kijapani kinahesabu mapigo, na pigo likipungua au kuzidi unakuwa umesema neno jingine. Obasan ni shangazi au mama wa makamo. Obaasan ni bibi kizee. Biru ni jengo, biiru ni bia. Shujin ni mume, shuujin ni mfungwa. Kite ni njoo, kitte ni stempu, na hapo kwenye t mbili kuna pigo zima la kimya. Sasa ongeza mazoea yetu ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Tunapoikaza tunaivuta kidogo, na huko kuvuta masikio ya Mjapani yanakusikia kama irabu ndefu. Kwa hiyo mtu anamwamkia mama wa miaka arobaini, anamwita bibi kizee. Anaulizia jengo, anaelekezwa kwenye bia. Na hajui amekosea wapi, kwa sababu kwenye daftari lake maneno yote mawili yameandikwa sawasawa.

Akianza kuandika kwenye kibodi ndipo mambo yanazidi kuvurugika, maana kibodi inataka kana kamili. Anatafuta 禁煙, marufuku kuvuta sigara. Anaandika kinen, inamletea 記念, kumbukumbu. La sigara ni ki-n-e-n, mapigo manne, na kwenye kompyuta n ile ya katikati inabonyezwa mara mbili. Anaandika konnichiwa na wa mwishoni, wakati neno hilo linaandikwa na は, ambayo kwa kawaida husomwa ha lakini ikiwa kiunganishi cha mada husomwa wa. へ nayo ikiwa kiunganishi husomwa e. Aliyeanza na kana haya huyazoea ndani ya wiki. Wa romaji analazimika kurudia maneno yote mia nne, moja moja, akigonga mapigo kwa kidole mezani, na kazi hiyo ni kubwa kuliko kukariri alama 92.

Saa nazo zina mtego wake kwetu. Wajapani wanahesabu kuanzia usiku wa manane. Shichi-ji, saba, ni saa moja yetu. Ku-ji, tisa, ni saa tatu. Ukitafsiri kichwani utakosea miadi kwa saa sita kamili. Usitafsiri kabisa: tazama tarakimu za simu, 7:00, useme shichi-ji. Saa nne yao ni yo-ji, si yon-ji wala shi-ji. Kwenye pesa kipimo chao ni man, elfu kumi, hivyo laki ni juu-man na milioni ni hyaku-man.

Sarufi ya mwanzo haina vita kubwa. Kitenzi kinakaa mwisho: Juma wa uchi de ocha o nomimasu, yaani Juma, nyumbani, chai, anakunywa. Hiyo de inabandikwa nyuma ya nomino kama -ni ya nyumbani. Ila nomimasu haina ni-, u- wala a-, na kwa kuwa tumezoea viambishi hivyo tunajaza watashi (mimi) na anata (wewe) kila sentensi. Acha. Anayezungumziwa akijulikana, hatajwi. Mwalimu usimwite anata, mwite kwa jina na sensei, yaani mwalimu. Wengine jina na san, neno la heshima. Jina lako mwenyewe usilitie san kamwe. Shika kwanza desu na -masu, miisho ya sentensi ya adabu. Ore na omae za kwenye katuni, mimi na wewe zisizo na adabu, ziache hukohuko, ukizipeleka kwenye usaili umejifukuza mwenyewe.

Kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina zinazobeba maana, zisikutishe mapema. Orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina 2,136, lakini wewe anza na 日, 月, 人, 円, kila moja ndani ya neno zima. Hiyo 日 peke yake ina matamshi kadhaa, na kuyakariri bila neno ni kupoteza muda.

Kama unalenga JLPT, mtihani wa kupima uwezo wa Kijapani, ngazi ya chini kabisa ni N5. Nairobi hufanyika Desemba, na usajili hufungwa miezi kabla. Kufaulu N5 ni alama 80 kati ya 180, lakini pia lazima upate angalau 19 kati ya 60 za kusikiliza na 38 kati ya 120 za lugha na kusoma. Sauti hupigwa mara moja tu. Anayesoma vitabuni bila kusikiliza anaweza kuvuka 80 na bado akaanguka. Mtihani hauna kuongea wala kuandika insha, kwa hiyo cheti hakimaanishi unaweza kujieleza. Hilo lifanyie mazoezi pembeni.

Na wakala akikwambia N5 inatosha kupata kazi Japani, tulia kabla hujatoa hela. Viza ya ujuzi maalumu iliyoanza mwaka 2019 kwa kawaida inadai N4, ngazi moja juu ya N5, au mtihani mwingine wa Kijapani uitwao JFT-Basic, pamoja na mtihani wa fani yenyewe. Mwambie akuonyeshe jina la viza kwa maandishi, ukaulize ubalozini.