Fomu ya mawasiliano ambayo mteja ataijaza mpaka mwisho, hatua kwa hatua

Wakuu, mi natengeneza tovuti hapa Dodoma, wateja wangu wengi ni lodji, watu wa zabibu na shule, na fomu ya mawasiliano ndo kitu kinacholipuliwa kuliko vyote. Mtu anachukua templeti anaibandika chini ya ukurasa imeisha hiyo, baadaye analalamika tovuti haileti wateja.

Kuna lodji moja mtaa wa Kisasa fomu yao ilikuwa na viboksi kumi na moja, S.L.P. imo, faksi imo. Nikampa dada wa mapokezi simu yangu nikamwambia jifanye mgeni unatoka Singida unataka chumba. Kufika kwenye faksi akacheka, "Kaka, hapa naweka nini?" akaweka sifuri, fomu ikagoma, na ilivyogoma ikafuta kila kitu alichoandika. Akanirudishia simu yangu: "Si bora apige tu."

Hatua ya 1: punguza. Andika viboksi vyote kwenye karatasi, kila kimoja jiulize, nikikikosa hiki nitashindwa kumjibu huyu mtu? Lodji tulibaki na vinne, yaani jina, simu, siku ya kufika na ujumbe. Barua pepe tukaiweka ya hiari maana wengi waliifungua siku wananunua simu na hawajairudia tena. Jina liwe boksi moja, usimgawanyishe mtu mwenye majina matatu. Na hii sio urembo tu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kazi Mei 2023, inataka ukusanye kile tu kinachohitajika kwa lengo lako.

Hatua ya 2: jina la kiboksi likae juu yake, lisikae ndani kwa yale maandishi ya kijivu, maana mtu akianza kuandika yanapotea, akiitwa kidogo akirudi hajui alikuwa anajaza nini. Maandishi ya ndani ya boksi yasiwe chini ya pikseli 16, ukishusha iPhone inavuta ukurasa yenyewe na fomu inakimbilia pembeni.

Hatua ya 3: namba ya simu, hapa ndo wengi tunaharibu. Weka type="tel" ili kibodi ya namba ije yenyewe. Halafu kubali namba jinsi watu wanavyoiandika, mmoja ataanza na 07, mwingine 06, mwingine +255, mwingine 255 bila alama, na karibu wote wanaacha nafasi katikati. Kusafisha hizo nafasi ni kazi ya seva, sio ya mteja. Ondoa kila kisicho tarakimu, ikianza na 0 badilisha iwe 255, zikibaki tarakimu 12 pokea.

Hatua ya 4: makosa. Ujumbe ukae chini ya boksi lenyewe, kwa Kiswahili cha mtu: "Namba imepungua tarakimu moja", sio "Ingizo batili". Na usifute alichoandika, narudia, usifute.

Hatua ya 5: hakikisha ujumbe unafika. Fomu nyingi zinatuma barua pepe zikijifanya zimetoka kwenye anwani ya mteja, sasa kama mteja ana Gmail na seva yako sio ya Google, upande wa pili wanaona huyu tapeli, unatupwa kwenye spamu au unakataliwa kabisa. Mtumaji awe anwani ya domeini yako, ya mteja iende kwenye Reply-To, yaani pale panaposema jibu liende wapi, na SPF na DKIM za domeini, zile rekodi zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, ziwe zimewekwa. Hata hivyo nakala ibaki kwenye databesi. Mi niliwahi kukuta maombi ya wiki nzima yamelala kwenye spamu, watu walishalala lodji nyingine.

Hatua ya 6: roboti, yaani programu zinazojaza fomu zenyewe na kukutumia takataka. Zile picha za kuchagua mabomba ya zimamoto ya Marekani mi siziweki, mzee wa Chamwino atayajulia wapi? Weka kiboksi kimoja kilichofichwa ambacho binadamu hakioni, kikija kimejazwa ujue ni roboti, tupa huo ujumbe. Sio dawa ya roboti zote ila kwa tovuti ndogo inatosha.

Hatua ya 7: akishatuma mwambie nini kinafuata, "Tumepokea, tutakupigia leo kabla ya saa 12 jioni", na chini weka linki ya WhatsApp, wa.me/ kisha namba inayoanza na 255 bila jumlisha wala ile sifuri ya mwanzo.

Hatua ya 8: ijaribu kwenye simu ya bei ndogo, nje. Ya lodji tuliijaribia getini saa saba mchana kwa Tecno ya mlinzi yenye kioo kilichopasuka, na hapo ndo tukagundua kitufe cha Tuma, cha kijivu, kwenye jua la Dodoma hakionekani kabisa. Tukakipaka kijani iliyokolea.